Nani Amekalia Mto Wangu?

Landhi ya Reli, Nakuru
6 Februari 1955

Baba Awuor,

Salamu utazikuta mwisho wa barua hii, kama zitabaki. Kwanza nijibu: nani amekalia mto wangu?

Usijifanye hujui ni mto gani. Ni ule niliokushonea ulipopewa unyapara, kitambaa cha buluu, nikautarizi kwa uzi mwekundu NYAPARA OWUOR hadi vidole vikatoboka, ili ukikaa juu ya toroli ya reli usiumizwe na ubao. Jana Chepkemei alinisimamisha kwenye mfereji, mbele ya wanawake wote wenye debe. Unamjua huyo jirani. Mume wake Kipkemei ni gadi wa gari la moshi la mizigo, msimamizi wa behewa la mwisho, na anachokiona mume njiani mke hukitangaza nyumba zote za landhi kabla injini haijapoa. Akaniambia, "Mama Awuor, pole." Nikauliza pole ya nini. Akasema ati gari la Kipkemei lilisimama Elementaita, na toroli ya genge lako la kutengeneza njia ikaingia stesheni. Juu yake amekaa Mathenge, mtu wako wa kusukuma, raha mustarehe juu ya maandishi yangu. Na aliyekuwa nyuma anasukuma pamoja na wale vibarua wengine, shati limelowa chapachapa, ni wewe.

Nikacheka. Nikasema Kipkemei alikuwa amelewa. Wao pia wakacheka, lakini hawakucheka pamoja na mimi.

Toroli ina benchi moja, na benchi ni la nyapara. Watu wanne wanasukuma wakikimbia juu ya chuma, nyapara anakaa anakagua njia. Hata mtoto wa landhi anajua. Sasa wamekushusha? Sema! Hivi vyumba viwili tulipewa kwa sababu ya unyapara. Kanisani naitwa Mama Nyapara na nafasi yangu iko benchi la mbele. Nikae wapi Jumapili, unaniambia nikae wapi?

Nimempa Kipkemei huyo huyo chupa mbili za samli na sukari guru akuletee. Kula. Krismasi ulikuja umekonda, mama yako akaniangalia siku nzima utadhani mimi ndiye niliyekula chakula chako.

Salamu hazikubaki.

Namalwa


Kambi ya Genge, Kariandusi
13 Februari 1955

Mama Awuor,

Salamu zangu ziko hapa juu, mimi sina hasira. Hujambo? Awuor na wadogo zake hawajambo?

Sijashushwa. Mimi ni nyapara mpaka leo. Kipkemei achunge taa zake za nyuma, aachane na toroli za watu. Mtu akishuka kunyoosha miguu kidogo, hiyo nayo ni habari ya kupelekwa mferejini? Na mimi nikishuka lazima mwingine akae ashike breki, la sivyo toroli itatukimbia kwenye mteremko. Mathenge mguu wake unamsumbua, kwa hivyo alishika yeye. Mto wako hauna hata doa.

Samli imefika. Vijana wanashukuru sana, wanasema mama ana mkono mzuri.

Hapa mvua bado. Lile vumbi jeupe la machimbo linaingia hata ndani ya uji. Usisikilize maneno ya mferejini.

Wako,
Owuor


Landhi, Nakuru
20 Februari 1955

Baba Awuor,

"Vijana wanashukuru!" Haki ya Mungu nimeisoma hiyo mara tatu. Niliwatumia vijana samli mimi? Nimeolewa na vijana? Siagi nilimwomba mwanamke wa Subukia sokoni mpaka nikakauka koo, nikaichemsha mwenyewe jikoni, moshi machoni, nikisema mume wangu apate mwili. Kumbe nanenepesha genge. Na sukari guru ilikwenda wapi, kwa punda?

Tena usinidanganye na kunyoosha miguu. Kipkemei amepita huko mara nyingine. Ati asubuhi unaonekana unatembea njia nzima mpaka karibu na Gilgil, nyundo begani, unagonga vyuma kama enzi zile ulipokuwa mtembea njia. Ile kazi uliifanya miaka mingi na tukamshukuru Mungu alipokutoa. Hakuna mtu mwenye cheo anayerudia nyundo kwa kupenda. Amekuadhibu yule Mzungu mkaguzi mnayemwita Kiko, ndiyo au siyo? Amekutenda vile mbele ya watu wako mwenyewe, nawe umenyamaza kwa aibu.

Basi wewe nyamaza. Nitauliza mimi.

Namalwa


Kwa Bwana Mkaguzi wa Njia ya Reli, Nakuru
28 Februari 1955

Bwana,

Mimi ni Namalwa, mke wa Owuor, nyapara wa genge la Kariandusi. Nimefika ofisini kwako mara mbili. Karani aliniambia ningoje nje, nikangoja, kisha akafunga mlango akaenda kula. Ndiyo maana naandika.

Mume wangu halewi, haibi, wala hajawahi kulala kazini. Kama amekosa, aambiwe kosa lake apewe adhabu iishe. Lakini nyapara kusukuma toroli wakati kibarua wake amekalia mto wa nyumbani kwake, hiyo si adhabu, hiyo ni dharau. Nimekuona wewe mwenyewe, bwana, ukipita kwenye toroli yako na mwavuli wako na kiko chako mdomoni. Sijakuona hata siku moja ukiisukuma.

Naomba arudishwe juu mara moja, na yule mwingine ashuke.

Kwa heshima, wala si kwa woga,
Namalwa, mke wa Owuor


Kambi ya Genge, Kariandusi
14 Machi 1955

Namalwa,

Leo sikuiti Mama Awuor. Umefanya nini, wewe mwanamke?

Kiko alikuja Jumatano na barua yako mfukoni. Akaisoma mbele ya genge zima, akibana pua ajifanye sauti ya mwanamke. Pale pa mwavuli hakupasoma, lakini masikio yalikuwa mekundu. Kisha akaniuliza kwa nini sikai kwenye toroli, na yeye hajaniadhibu. Akasema, "Owuor, ama wewe una wazimu ama unaficha ugonjwa. Utapimwa na daktari wa reli baada ya Pasaka." Mimi zamu yangu ya kupimwa ilikuwa mwezi wa saba! Nilikuwa nauwinda huo mwezi wa saba kwa kila pumzi niliyo nayo, na wewe umeniletea mwezi wa nne kwa kalamu yako.

Sasa sikia nilichokuwa naficha, maana hakina maana tena.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa nimekaa kwenye toroli, juu ya mto wako, kichwa kikaanza kupasuka. Macho yakaingia giza, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Siku ile nilipokuja Nakuru nikakwambia natafuta buti, sikutafuta buti. Nilikwenda kwa yule daktari wa Kihindi pale bazaari. Akanifunga kitambaa mkononi, akapuliza kile chombo chake kwa kubinya mpira, akakunja uso, akapuliza tena. Presha. Akasema damu inasukuma mishipa kwa nguvu ambayo mishipa haitavumilia, siku moja mmoja utapasuka kichwani na mimi nitaanguka kama gunia. Kisha akachukua mkojo wangu kidogo, akautia kwenye dawa ya buluu, akauchemsha juu ya moto. Ukageuka rangi ya boga. Akasema hiyo ni sukari, imejaa mwilini haina pa kwenda.

Mathenge nilikuwa naye, nilimchukulia karatasi ya ruhusa kwa sababu ya mguu wake uliovimba; siku hizi za Emergency, hii hali ya hatari, mtu wa kabila lake bila karatasi hafiki mjini. Daktari akaona ampime naye, kwa kutaka kujua tu. Mathenge ana wajukuu, Namalwa. Mathenge anakula ugali wetu ule ule, na samli nikimpa. Presha yake ni ya kijana. Mkojo wake ulichemka ukabaki buluu kama mbingu.

Mimi nikaona uchungu, nikamwuliza daktari haki iko wapi. Akacheka, akafungua gazeti lao la madaktari. Akasema huko London kuna mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa kutwa. Kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Basi ni moja, na wanaoshikwa na ugonjwa wa moyo zaidi ni hao madereva. Akaniuliza, "Wewe kwenye toroli yako ni nani?" Mwaka mzima na zaidi nimekaa pale nikidhani mimi ndiye niliyepata, kumbe wanaonisukuma ndio wazima na mimi ndiye ninayekufa!

Akasema dawa nzuri ya hiyo presha yeye hana. Anachojua ni kwamba mtu akitembea kwa nguvu kila siku, moyo ukadunda, jasho likatoka, mishipa inajifunza kulegea na kupanuka, damu inapita bila vita. Na nyama za miguu zinaila ile sukari na yale mafuta yaliyomo kwenye damu. Ukikaa, yote yanabaki humo humo, na mishipa inakauka kama mpira wa baiskeli uliosahauliwa juani. Akaniambia niache samli na sukari guru. Ndiyo maana nikachukua nyundo, ndiyo maana nikasukuma. Mwanzoni nilikuwa nasimama kila baada ya nguzo mbili natapika. Sasa nafika Gilgil nikiimba.

Daktari wa reli akiona ile presha ataandika mimi si mzima, na mtu asiye mzima anatolewa kazini na landhi pamoja. Nilitaka akinipima asikute kitu. Ungetaka nikwambie ili uende ukayaseme mferejini?

Owuor


Landhi, Nakuru
20 Machi 1955

Baba Awuor,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni, watoto wakaniuliza mama nini. Nikawaambia ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu chochote.

Lakini usidhani nimemaliza na wewe! Mwili ni wako, sawa. Na mjane angekuwa nani? Ungeanguka kwenye mto nilioshona mimi, na samli yangu tumboni, na mimi hapa nikitamba kanisani. Miezi yote hiyo unajua kile chakula ni adui yako, na unaniacha nichemshe, nifunge chupa, nikuombee. Ulinifanya nikulishe ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo sitakusamehe upesi. Mferejini! Mimi ni mwanamke wa mferejini? Habari zilifika mferejini kwa sababu wewe hukuzileta nyumbani.

Na yule Kiko, aliyebana pua kunisoma mimi, mwambie pua hiyo nimeikumbuka.

Nimekwenda kwa daktari wako. Sikungoja nje. Nilimwambia mimi ndiye mke wa mtu wa toroli, nataka kujua kila kitu. Mzee yule ana subira. Alinieleza mpaka nikaelewa, akanichorea na mishipa miwili kwenye karatasi, mmoja uliolegea na mmoja uliokakamaa. Amesema mambo mawili nikwandikie. La kwanza, usianze kukimbia kama mwehu kwa sababu ya mwezi wa nne. Endelea vile vile, na siku ya kupimwa usisukume chochote, ukae utulie kwanza. La pili nililiuliza mwenyewe. Nikasema, akishapona, anaweza kurudi kukaa? Akatikisa kichwa. Akasema mwili hauweki akiba ya kutembea. Ukikaa wiki chache tu, mishipa inasahau, sukari inarudi, yote yanaanza upya.

Nimempa Kipkemei mboga ya mrenda mkavu na kunde. Vijana wasiguse.

Chepkemei ameniuliza tena habari zako. Nimemwambia mume wangu anatembea kwa sababu miguu anayo.

Namalwa


Kambi ya Genge, Kariandusi
24 Aprili 1955

Mama Awuor,

Nimepimwa.

Daktari wa reli alipuliza, akaangalia karatasi yangu ya zamani, akapuliza tena. Nilikuwa nimekaa nimetulia kama ulivyoniagiza, lakini moyo ulitaka kutoka uende zake. Kisha akachukua mkojo, akautia ile dawa, akawasha moto chini yake. Mimi macho yangu hayakutoka kwenye ile chupa. Ikachemka. Ikabaki buluu! Mama Awuor, ilibaki buluu, nikatamani kuibusu. Presha bado iko juu kidogo kuliko ya Mathenge, lakini haikumtisha. Akaandika mzima. Akaniuliza natumia dawa gani, nikamjibu kutembea, akacheka akadhani nafanya mzaha.

Ningeishia hapo ingekuwa barua nzuri. Sasa ngoja.

Kiko alikuwa anangoja mlangoni. Akasoma karatasi, akasema, "Vizuri. Wewe mzima. Kuanzia mwezi wa tano nisikuone chini. Nyapara anakaa." Basi nikamwambia ukweli wote, presha, sukari, mabasi ya London, sikuficha. Nikamwambia nimepona kwa sababu nilishuka, kwa hivyo hawezi kuniambia nipande. Unajua alisema nini? Alisema nyapara anayesukuma pamoja na vibarua, vibarua hawatamwogopa. Nikamwambia wananiheshimu, na njia ya genge langu haina msumari mmoja uliolegea kwa kuwa naiona kwa macho yangu na naisikia kwa nyundo yangu, siipiti mbio nikiwa nimekaa. Akasema hiyo ni kazi ya mtembea njia. Kama naipenda sana, nirudi kuwa mtembea njia, na vyumba viwili virudi kwa reli.

Hebu niambie, kuna akili hapo? Wamenipima wakaona nimepona, na malipo ya kupona ni kurudishwa juu ya kile kilichokuwa kinaniua! Nimetembea mpaka kambini nikigombana na hewa, Mathenge nyuma ananiambia, "Polepole, mzee, presha." Hata yeye.

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu nijibu. Mimi najua ninachotaka. Lakini vyumba ni vya watoto wako, na benchi la mbele ni lako. Safari iliyopita niliamua peke yangu, na hasira yako nimeionja. Hii sitaamua bila wewe. Sema.

Owuor


Landhi, Nakuru
28 Aprili 1955

Baba Awuor,

Ati niseme! Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya kabati lililolazwa, kwa sababu pa kukaa pengine hapana. Tumeshahama. Ni chumba kimoja cha mtembea njia, upande wa pili wa choo, mlango wake haufungi mpaka uupige teke. Kitanda cha watoto nimekisimamisha ukutani hadi usiku. Barua yako ilifika jana asubuhi, na kufika saa ya chakula nilikuwa nimemaliza.

Ufunguo nimeupeleka mwenyewe ofisini. Karani akaniambia ningoje nje. Nikaingia, nikauweka ufunguo juu ya ugali wake, nikatoka. Na Kiko alikuwa kwenye veranda, nikamwamkia vizuri kabisa. Nikamwambia, "Bwana, mume wangu anasema ahsante, yeye atatembea. Na wewe pia ungejaribu." Akatoa kiko mdomoni, asijue akirudishe wapi.

Usinisifu. Usiku nililia, nakwambia wazi. Nilivipenda vile vyumba viwili. Nilipenda kuitwa Mama Nyapara, na Jumapili nitakapokaa nyuma nitaumia, na atakayenicheka nitamjua kwa jina. Lakini nimepiga hesabu za mwanamke: benchi la mbele na kaburi, au benchi la nyuma na mtu. Ni upumbavu wa Kiko uliotufanya tuchague, na hasira yangu yote naiweka kwake, wewe umebaki na kidogo tu.

Chepkemei alikuja kunibebea vyombo. Akasema, "Pole, Mama Awuor." Safari hii nikamjibu, "Ahsante, shika upande ule wa kabati." Alibeba vizuri. Kumbe Kipkemei naye siku hizi kichwa kinamwuma akikaa kwenye lile behewa lake. Nimempeleka mke wake akamwulizie kwa daktari wa bazaari.

Sasa jambo moja, na hili si la kujadili. Mto wangu uufiche leo hii, kabla nyapara mpya hajaleta makalio yake. Jumamosi uje nao. Sindano ninayo. Nitafumua lile neno la kwanza, uzi mwekundu wote utoke, nibakishe Owuor. Hilo ndilo niliolewa nalo.

Na ukishuka stesheni uje kwa miguu. Kipkemei akikupa baiskeli, kataa. Nitakuwa mlangoni, nikusikilize unavyopumua.

Safari hii salamu zimebaki. Chukua zote.

Namalwa